Kijani kimezimika, pindo limepauka: kosa ni la faili au la kiwanda?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mbunifu, nipo Tanga. Nimechora kanga ya harusi kwenye kompyuta: mji wa zambarau wenye maua ya kijani kibichi, pindo jeusi, na jina kwa herufi nyeupe ndani ya kisanduku cheusi. Kiwanda kimeniletea sampuli. Kijani kimezimika, na pindo linaonekana kama nguo iliyofuliwa mara kumi. Mchapaji anasema kosa ni faili langu. Rafiki yangu anasema ninunue skrini ya bei kubwa ya wasanifu. Nifanyeje? Harusi imekaribia.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Pesa ya skrini iweke kwanza. Una matatizo mawili yasiyo na undugu, na kila moja lina dawa yake.

Skrini ni taa. Kila nukta yake inatoa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, na jicho, lenye aina tatu za seli za kupokea rangi, linaichanganya mianga hiyo. Pamba haiwaki. Inaangaziwa na jua au balbu, rangi iliyo kwenye uzi inameza sehemu ya mwanga huo, na kinachobaki ndicho kinachorudi machoni. Kijani ulichokipenda kwenye kompyuta kinawaka chenyewe, na hakuna mpishi wa rangi atakayekipata kitambaani, hata umlipe nini. Skrini ya bei kubwa nayo ni taa vilevile.

Watu wa matbaa watakushauri ugeuze faili liwe la rangi nne, kama linavyochapwa gazeti. Kwa kanga yako usifanye hivyo. Kanga ya kiwandani kila rangi ina fremu yake ya kuchapia na ndoo yake, imepikwa kwa ajili ya kazi hiyo. Nenda kiwandani, omba uone vipande vya vitambaa walivyokwisha kuchapa, chagua kijani humo, kisha andika namba yake kwenye faili. Kuanzia hapo kijani cha kwenye kompyuta ni alama tu ya kuonyesha ndoo ipi iende wapi. Kama wana spektrofotomita, yaani kifaa cha kupimia rangi, omba wakipime kipande hicho kwa mfumo wa Lab, unaoitaja kila rangi kwa namba tatu, uliokubaliwa kimataifa mwaka 1976. Tofauti kati ya rangi mbili ikifika 1 hivi kwa mfumo huo, ndipo jicho lililozoea huanza kuiona. Mkiwa na namba hizo, wewe na fundi wa maabara hamtagombana tena kwa maneno kama "kimekolea" na "kimezimika".

Sasa pindo. Hapa nitakaa kidogo, maana ni jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alikabidhiwa idara ya kutia rangi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins, Paris. Alikuta malalamiko kwamba uzi mweusi wa kiwanda unapauka unapofumwa pamoja na buluu na urujuani. Akaulinganisha na nyuzi nyeusi za kwingine, akaona hauna kasoro. Aliyeuharibu ni jirani yake. Rangi mbili zikipakana, jicho huisukuma kila moja mbali na mwenzake, na nyeusi iliyo kando ya zambarau huonekana kuwa na ukungu wa manjano ya kijani. Mwaka 1839 Chevreul alichapisha kanuni hiyo katika kitabu, na wachoraji wakaisoma kwa hamu sawa na watia rangi. Ndiyo maana naamini mtu wa kanga anahitaji kemia na uchoraji kwa pamoja.

Jipime mwenyewe leo. Kata tundu dogo kwenye karatasi ya kijivu, liweke juu ya pindo ili zambarau isionekane, kisha liweke juu ya kitambaa cheusi unachokiamini. Zikifanana, kiwanda hakina hatia. Acha mstari mweupe wa milimita mbili au tatu kati ya mji na pindo, au safu ya vidoti vyeupe, na nyeusi itarudi. Mchapaji pia anaweza kutia buluu au urujuani kidogo kwenye ndoo ya nyeusi, lakini mimi ningechagua mstari, kwa sababu haugusi mapishi.

Zisipofanana, uliza wanatumia rangi ya aina gani. Rangi zinazoshikana na pamba kikemia, zilizoanza kuuzwa mwaka 1956, zinahitaji magadi na mvuke wa kutosha. Mvuke ukikatishwa, sehemu ya rangi haishiki, na inaondoka na maji ya kufulia. Hilo ni kosa la kiwanda na una haki ya kudai sampuli nyingine.

Sampuli hiyo itazame ikiwa imefuliwa na kukauka, mchana, nje, kivulini. Kisha ipeleke ukumbini uitazame chini ya taa za siku ya harusi. Rangi mbili zinazolingana juani huweza kuachana chini ya balbu, na ni afadhali ulijue hilo kabla doti zote hazijachapwa.

Katika faili, kila rangi iwe kwenye tabaka lake, bila kufifiza kingo, na rangi zinazopakana zipandiane kwa nusu milimita hivi ili fremu ikisogea usitokee ufa mweupe. Ila pale kwenye mstari mweupe ziache mbali. Jina lilivyo sasa ni jembamba mno: nyeusi itasambaa kwenye uzi na kuzila herufi nyeupe. Zinenepeshe, zipe nafasi, kisha chapa kisanduku hicho peke yake kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, ukibandike ukutani na urudi nyuma hatua kumi. Kama husomi, na wageni hawatasoma.