Geji za Land Rover ya zamani: anza na hasi kabla ya kununua geji

Land Rover Series III bado zinapiga kazi huku kwetu, na nyingi zinatembea na geji zilizokufa. Mafuta yanapimwa kwa kijiti, na joto la injini linajulikana mvuke ukishatoka. Ukienda gereji, jibu la haraka ni "nunua geji nyingine". Usinunue kwanza. Ndani ya geji hizi, za kampuni ya Smiths, kuna waya mwembamba uliozungushiwa kipande cha chuma kinachopinda kikipata joto, basi. Si rahisi kufa. Kinachokufa ni kile kinachozilisha umeme, au njia ya umeme kurudi, yaani hasi.

Kabla ya kufungua paneli, vua taminali ya hasi ya betri. Waya za kahawia zinazofika kwenye swichi ya funguo hazipiti kwenye fyuzi yoyote. Zikigusa bodi, ni moshi.

Geji ya mafuta na geji ya joto zinatumia volti 10, si 12. Kazi hiyo inafanywa na kikopo cha bati nyuma ya paneli, yaani stebulaiza, ambacho hukata na kuunganisha umeme ili wastani uwe volti 10. Dalili zisome hivi: geji zote mbili zikipanda kupita kiasi kwa pamoja, stebulaiza imegandia au kikopo chake hakipati hasi. Zote zikilala chini, tafuta fyuzi na waya wa kijani unaoleta umeme. Ikifa moja tu, achana na stebulaiza. Tatizo liko kwenye sensa yake au waya wake: kijani chenye mstari mweusi kwa mafuta, kijani chenye mstari wa buluu kwa joto.

Kupima stebulaiza ya zamani kwa mita ya dijitali kunachanganya, namba zinarukaruka. Rudisha taminali ya betri, washa swichi ya funguo, kisha tumia taa ya kupimia kwenye upande wa kutokea. Ikiwakawaka, inafanya kazi. Ikiwaka moja kwa moja, imeganda.

Kuhakiki geji ya mafuta yenyewe, vua waya wake kwenye sensa ya tenki, uunganishe na bodi kupitia rezista ya ohm 22. Mshale upande polepole hadi karibu na kujaa. Weka ya ohm 220, urudi karibu na tupu. Ikifanya hivyo, geji ni nzima na dukani huna cha kufuata. Mafundi wengi hugusisha ule waya moja kwa moja kwenye bodi. Ukiuacha hivyo muda mrefu unaweza kuunguza geji iliyokuwa nzima.

Stebulaiza ikiwa mbovu, fungua kikopo, toa vya ndani, weka regyuleta ya 7810, yaani ya volti 10, kutoka kwa fundi redio. Ukiishika maandishi yakikutazama na miguu ikiwa chini, mguu wa kushoto ni wa kuingilia, wa kati ni hasi, wa kulia ni wa kutokea. Weka kapasita ya mikrofaradi 0.33 kati ya kuingilia na hasi, na ya 0.1 kati ya kutokea na hasi. Kibati cha mgongoni kimeungana na hasi, kwa hiyo kifunge kwa skrubu kwenye kikopo, kipoe hapo hapo. Usikubali kupewa 7812, ya volti 12, eti "inakaribiana". Geji zitadanganya. Na hii ni kwa gari ambalo hasi ndiyo iko kwenye bodi. Yale ya zamani zaidi yenye chanya kwenye bodi hayaiwezi.

Sasa hasi, ambayo ndiyo chanzo cha shida nyingi. Bodi ni alumini, chesisi ni chuma, na vinapokutana panaliwa. Ziwa letu ni la maji baridi, chumvi haipo, lakini gari linalolala mwaloni, samaki wanaposhushwa, linaamka na umande kila siku, na likibeba samaki wa chumvi, maji yake yanashukia waya za nyuma. Washa taa, kisha pima volti kati ya ganda la geji na taminali ya hasi ya betri. Ikizidi 0.2, vuta waya mpya wa milimita za mraba 2.5 kutoka paneli hadi chesisi, ukwangue rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, ufunge kwa nati, upake grisi juu.

Waya uwe wa magari, wenye nyuzi nyingi. Ule wa nyumba wenye uzi mmoja mnene ni rahisi kupatikana, lakini mtikisiko wa barabara ya vumbi unauvunja ndani ya ganda, na utautafuta siku nzima. Nyuzi zikiwa nyeusi, kata nyuma hadi shaba safi, kwani risasi ya kuchomelea haishiki kwenye kutu.

Kwenye fyuzi kuna mtego. Zile za kioo za kampuni ya Lucas zilizoandikwa 35 hukatika kwenye ampea 35, lakini kazi yake ya kawaida ni ampea 17 hivi. Fyuzi ya kisasa ya 35 inabeba 35 muda wote huku waya unaungua. Weka ya 15 au 20. Kuzungushia fyuzi iliyokatika karatasi ya sigara, hilo tusilizungumzie.

Spidomita haihusiki na umeme. Mshale ukitetema, chomoa kebo, isafishe, paka grisi kidogo ukiacha sentimita 20 za juu zikiwa kavu. Grisi ikipanda inaingia kwenye geji, na hapo ndipo utakapohitaji nyingine kweli.