Maswali ya Wasomaji: Matibabu katika Mitaa ya Wastaafu, Marekani

SWALI: Bwana Mshauri, pokea salamu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina umri wa miaka 68, na nimefanya kazi ya ghala hapa Columbus, Ohio, kwa zaidi ya miaka ishirini hadi nilipostaafu. Mke wangu naye ametimiza miaka 65. Baridi ya hapa imetuchosha, nasi tunafikiria kuuza nyumba yetu na kuhamia mtaa wa wastaafu huko Arizona, ambako rafiki yetu anaishi na anakusifu sana. Nina shinikizo la damu, na daktari ameniambia kwamba figo zimeanza kudhoofika. Wakala anayetuuzia nyumba anasema tusiwe na wasiwasi kwa kuwa ndani ya mtaa kuna kliniki. Bima yangu ni ya Medicare Advantage, yaani ile Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, inayoendeshwa na kampuni binafsi. Nitajuaje kama matibabu ya huko ni ya kutegemewa?
Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Maneno ya wakala yasikupumbaze. Mtaa wa wastaafu wa aina hiyo ni biashara ya nyumba, si taasisi ya afya, na huenda mkataba utakaotiwa sahihi usimtaje daktari hata mara moja. Sun City ya Arizona, ambao ni mmoja wa mitaa mikubwa ya kwanza ya namna hii, ulifunguliwa tarehe 1 Januari 1960 ukiwa na nyumba za maonyesho, maduka, ukumbi wa burudani na uwanja wa gofu. Hospitali yake, Boswell, ilifunguliwa mwaka 1970. Kwa miaka kumi wazee wale walikuwa na gofu kabla ya kuwa na kitanda cha hospitali karibu nao. Siku hizi hali ni nzuri kuliko hiyo, lakini mpangilio wa biashara haujabadilika: nyumba unanunua kwa mtu mmoja, na matibabu unayatafuta kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba umtafute daktari kabla ya kulipia nyumba. Kuhusu kliniki ya ndani, uliza mmiliki wake ni nani, kwani mara nyingi ni kampuni ya afya iliyokodi vyumba, nayo inaweza kuhama mkataba wake ukiisha. Uliza pia daktari mwenyewe yupo siku zipi, au kama wagonjwa huonwa na muuguzi peke yake. Uliza wanapokea bima gani, na ni nani anayepokea simu saa nane za usiku. Kama jibu la swali la mwisho ni kwamba upige 911, namba ya dharura, basi ujue kwamba kliniki hiyo ni ya mafua na chanjo, na kwamba wewe unahitaji mengine.

Unalohitaji zaidi ya yote ni daktari bingwa wa figo. Pigia simu vituo viwili au vitatu vya figo vilivyo karibu na mtaa huo, ujitambulishe kuwa mgonjwa mpya mwenye Medicare, kisha uulize tarehe ya karibuni wanayoweza kukuona. Tarehe hiyo itakueleza mengi kuliko kitabu chochote chenye picha za bwawa la kuogelea. Fanya hivyo wakati wa baridi kama unaweza, kwa sababu Arizona na Florida hupokea wazee wengi wanaokimbia theluji ya kaskazini kwa miezi michache, na foleni za madaktari hurefuka msimu huo. Utakuta pia madaktari wanaodai ada ya uanachama kila mwaka juu ya bima. Si kosa kisheria, ila uiulize kwenye simu ile ile ili isije ikakushtua baadaye. Usisahau kupima umbali wa hospitali yenye kitengo cha kutibu kiharusi. Mwenye shinikizo la damu yumo hatarini zaidi, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Gari la wagonjwa likitumia saa nzima barabarani, muda huo unaliwa.

Joto nalo tulitaje. Kiangazi cha Phoenix, jiji kuu la Arizona, hupita nyuzi 43 mara nyingi, na mtu anayetumia dawa za kukojoza kwa ajili ya shinikizo la damu hupungukiwa na maji upesi, jambo linaloziumiza figo ambazo tayari ni dhaifu. Sisemi usiende. Nasema daktari wako wa Columbus aulizwe kwanza, na ikiwezekana akupangie dozi na vipimo vya miezi ya kiangazi kabla hujafunga masanduku.

Sasa tuje kwenye bima, ambako wengi hujikwaa. Mpango wa Medicare Advantage hufungwa na eneo, kwa kawaida wilaya fulani, na una orodha yake ya madaktari. Ukihamia Arizona, mpango wako wa Ohio hautakufuata. Sheria imekuachia milango miwili. Unaweza kuchagua mpango mwingine wa Advantage wa huko, na ukiuarifu mpango wa sasa kabla ya kuhama, nafasi hiyo huanza mwezi mmoja kabla ya safari na kuendelea kwa miezi miwili kamili baada yake. Au unaweza kurudi kwenye Medicare ya asili, inayopokelewa na daktari yeyote nchini aliyekubali Medicare, kisha ununue bima ya nyongeza iitwayo Medigap, ambayo hulipa sehemu ya gharama ambazo Medicare inakuachia. Katika majimbo mengi kampuni za Medigap zinaweza kumkataa mtu mwenye ugonjwa kama wako, lakini anayepoteza Advantage kwa kuhama eneo ana haki ya kuuziwa baadhi ya bima hizo bila kuulizwa afya yake, mradi aombe kabla ya siku 63 kupita tangu mpango wa zamani ukome. Kwa mtu mwenye figo dhaifu, mimi ningeutazama mlango huu wa pili kwa makini sana, ingawa malipo yake ya kila mwezi ni makubwa zaidi, kwa sababu uhuru wa kumchagua bingwa utaujua thamani yake siku ugonjwa utakapoongezeka. Mke wako, hata kama hakufanya kazi miaka kumi inayotakiwa, anaweza kupata Sehemu A ya Medicare, ile ya hospitali, bila malipo ya kila mwezi kupitia kumbukumbu zako za kazi.

Kila jimbo lina washauri wa bure wa bima hizi chini ya mpango uitwao SHIP, ambao hawauzi chochote wala hawalipwi na kampuni yoyote. Waone wa Ohio na wa Arizona pia, kabla ya kumwona wakala wa bima.

Umeuliza kuhusu kutegemewa. Daktari akishapatikana, mpelekee mfuko wenye dawa zako zote, zikiwemo za kununua bila cheti na mitishamba kama unatumia, kisha umtazame anavyofanya. Anayejua kutibu wazee atazipitia moja moja na pengine ataondoa baadhi. Atakuuliza kama umewahi kuanguka. Na akiona vidonge vya maumivu kama ibuprofen, atakuzuia, kwa sababu vinaumiza figo na kupandisha shinikizo. Akiongeza dawa bila kuuliza zilizopo, tafuta mwingine mapema.

SWALI: Kwako Mshauri. Mama yangu ana miaka 74, alikuja Minnesota kutoka Kisumu miaka mitatu iliyopita kwa kadi ya ukaazi wa kudumu niliyomwombea. Ana kisukari na ameanza kusahausahau. Mimi na mume wangu tunafanya kazi zamu za usiku. Tumeona makao mazuri ambayo wazee husaidiwa kuoga na kumeza dawa, na rafiki yangu ananiambia kwamba Medicare italipa. Je, ni kweli? Na makao mazuri nitayatambuaje?
Msomaji, Minneapolis

JIBU: Dada yangu, hapana, si kweli, na ni afadhali ulijue hilo sasa kuliko baada ya kulipa amana. Kwanza, mkaazi wa kudumu ambaye hana historia ya kazi Marekani, yake wala ya mwenzi wake, hana budi kuishi nchini miaka mitano mfululizo kabla ya kuruhusiwa kujiunga na Medicare, na hata hapo atailipia kila mwezi. Kwa sasa unaweza kumnunulia bima katika soko la bima la jimbo lenu, nayo haiwezi kumkataa kwa sababu ya kisukari. Pili, hata angekuwa na Medicare, haigharimii makazi ya kudumu ya kusaidiwa kuoga na kuvaa. Inalipia nyumba ya uuguzi kwa muda tu, yaani hadi siku 100, tena baada ya mgonjwa kulazwa hospitalini siku tatu mfululizo. Siku 20 za kwanza hazina mchango, na kuanzia siku ya 21 mgonjwa huchangia zaidi ya dola 200 kwa siku. Wengi hunaswa na jambo dogo hapo: mgonjwa anaweza kulala kitandani hospitalini siku tatu akiwa ameandikwa kuwa yuko chini ya uangalizi tu, hajalazwa rasmi, na siku hizo hazihesabiwi. Likumbuke kwa miaka ijayo, na uulize kila asubuhi ameandikwa vipi.

Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ndiyo hulipia wazee wengi wasio na uwezo, lakini nayo kwa kawaida humtaka mkaazi wa kudumu angoje miaka mitano, na kila jimbo lina taratibu zake. Muulize ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya yenu kabla ya kukata tamaa, na pia kabla ya kutia sahihi ya kubeba gharama zote kwa jina lako. Sahihi hiyo ya mwana hutafutwa sana na baadhi ya makao, nayo huweza kukubebesha deni la miaka.

Kuhusu kuyatambua makao mazuri, elewa kwamba nyota za serikali, moja hadi tano, zinazoonekana kwenye Care Compare, tovuti ya Medicare ya kulinganisha huduma, zinahusu nyumba za uuguzi, si makao ya kusaidiwa kama hayo uliyoyaona. Makao hayo hukaguliwa na jimbo, kwa hiyo soma ripoti za ukaguzi za jimbo, na ukipata karatasi yenye makosa, tazama kama ni kosa la rangi ya ukuta au la dawa kutolewa vibaya. Hata kwenye nyumba za uuguzi, mimi huamini zaidi alama za ukaguzi na za idadi ya wauguzi kuliko jumla ya nyota, kwa sababu sehemu ya vipimo vingine hutokana na taarifa za makao yenyewe.

Wewe una faida ambayo Wamarekani wengi hawana. Ndugu zetu wengi kutoka Afrika Mashariki wamefanya kazi ya kuhudumia wazee katika makao hayo hayo, na miongoni mwa waumini wenzako kanisani au msikitini hukosi anayejua zamu ya usiku ina watu wangapi na wameacha kazi wangapi mwaka huu. Waulize hao. Kisha uende mwenyewe Jumapili jioni bila miadi, uone kengele ikilia inachukua muda gani kuitikiwa, uulize ni nani hasa anayempima mzee sukari na anafanya nini ikishuka usiku, na kama chakula kinaweza kupangwa kwa mtu wa kisukari aliyezoea ugali. Kila jimbo pia lina ofisi ya ombudsman wa makao ya wazee, iliyowekwa na sheria ya shirikisho kupokea malalamiko ya wakazi. Wapigie na uulize kuhusu jina la makao hayo.

Na huko kusahausahau kusichukuliwe kuwa uzee tu. Mpeleke apimwe, maana sukari inayoshuka mara kwa mara, ugonjwa wa tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12 au dawa fulani huweza kuleta hali hiyo, na baadhi ya sababu hizo zinatibika. Wakati bado ana fahamu timamu, mwandikishe hati ya kumteua mtu atakayeamua matibabu yake asipoweza mwenyewe.

SWALI: Mama mkwe wangu ni mkimbizi kutoka Bukavu, anaishi katika jengo la wazee huku Texas. Kwa daktari hutafsiriwa na mjukuu wa miaka 12, na magonjwa ya kike hayasemi kabisa. Tufanyeje?
Msomaji, Texas

JIBU: Ndugu, mwondoeni mtoto huyo katika kazi hiyo, kwanza kwa heshima ya bibi, na pili kwa sababu sheria iko upande wenu. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho, na hizo ni karibu zote zinazopokea Medicare au Medicaid, zinatakiwa kumpa mgonjwa mkalimani mwenye sifa bila malipo, tena hazipaswi kumtumia mtoto isipokuwa kwa muda, katika dharura. Ombeni mkalimani siku ya kupanga miadi, si mkiwa mlangoni. Mseme waziwazi kwamba mnataka mwanamke, na kwamba anayehitajika ni msemaji wa Kiswahili cha Kongo, kwa kuwa mkalimani wa simu aliyezoea Kiswahili cha Dar es Salaam anaweza kumpoteza bibi wa Bukavu anapoeleza maumivu yake, naye kwa aibu akaitikia ndiyo kwa kila swali. Wakimpa asiyeelewana naye, mna haki ya kuomba mwingine papo hapo. Wakikataa kabisa, andikeni tarehe na jina la kituo, kisha mpeleke malalamiko kwa Ofisi ya Haki za Raia ya Wizara ya Afya ya Marekani. Muda wa kuyapeleka ni siku 180 tangu tukio.