Jibu: Klachi kwanza, pistoni baadaye

Ndugu yangu wa Chumbageni, umeuliza kama fedha ulizonazo kipindi hiki cha masika, ambapo hushindani mbio za pikipiki, uzitumie kununua pistoni kubwa zaidi au kurefusha mkono wa gurudumu la nyuma, yaani chuma kinachoshikilia gurudumu hilo kwenye fremu. Kwa kuwa umeeleza kwamba injini hunguruma sana lakini pikipiki haichomoki kwenye mstari wa kuanzia, mimi ningeanza na klachi, inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia, kwa sababu nguvu yoyote utakayoiongeza juu ya klachi inayoteleza itaishia kuwa joto tu.

Ifungue, uzipime sahani zake kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) na kulinganisha unene wake na kipimo cha chini kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Sahani za chuma zilizogeuka rangi ya buluu zimeungua, na zile mpya za msuguano uziloweke kwenye oili kabla ya kuzifunga. Pitisha pia ukucha kwenye kingo za bakuli la klachi, linalobeba sahani hizo: ukikwama kwenye vishimo vilivyochimbwa na meno ya sahani, klachi haitaachia sawasawa hata ukibadilisha springi zote.

Mkono mrefu ni wa pili, kwani hupunguza kunyanyuka kwa gurudumu la mbele unapoondoka. Ila fundi wa kuchomelea mageti, hata awe hodari, usimpe kazi hiyo. Pistoni zisubiri.

Kuhusu kuihifadhi pikipiki, chumvi ya upepo wa bahari hapa Tanga haina huruma: mwaga petroli iliyobaki kwenye kabureta, paka cheni mafuta, na uifunike kwa kitambaa kinachopitisha hewa, si nailoni.