Wasomaji Wanauliza: Bamvua ya Pemba, Tope la Bangladesh

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa jiografia, mzaliwa wa Pemba. Bonde la mpunga alilokuwa akilima babu yangu sasa huingiwa na maji ya chumvi kila bamvua kubwa, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, na sehemu yake imeachwa. Katika utafiti wangu ningependa kuilinganisha hali yetu na ya Uholanzi na Bangladesh, lakini mwenzangu mmoja anasema kwamba nchi tajiri na nchi maskini hazilinganishwi. Je, kazi hii ina maana?
Msomaji, Wete

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa bonde la babu yako. Kazi yako ina maana kubwa, ila nakuomba usianze na utajiri wala umaskini. Anza na tope. Jiulize kama maji yanayoingia shambani yanaleta udongo, au yanaleta chumvi na kuondoka.

Nitaeleza kwa nini. Kuanzia miaka ya 1960, mashamba ya pwani ya Bangladesh yalizungushiwa matuta marefu ya udongo ili maji ya chumvi yasiingie, na kila eneo lililozungushiwa likaitwa polda, jina lililotoka Uholanzi. Mwanzoni mavuno yaliongezeka. Lakini mito ya huko hubeba tope jingi kutoka milima ya Himalaya, na tope hilo lilipozuiwa kusambaa mashambani lilitua mitoni mwenyewe, hata sakafu ya mito ikainuka huku ardhi iliyo ndani ya matuta ikididimia polepole. Mvua iliponyesha, maji hayakuwa na pa kutokea, na mashamba yakakaa yamefurika miezi kwa miezi. Mwaka 1997 wanakijiji wa Beel Bhaina, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, walilikata tuta kwa mikono yao. Kwa miaka kadhaa maji yaliachwa kujaa na kupwa humo kila siku, na kila yalipojaa yaliacha tope, mpaka ardhi ikainuka na mto ukapata kina tena. Wataalamu wa serikali waliikubali njia hiyo baada ya kuona matokeo yake. Mimi naiona kuwa mojawapo ya habari kubwa zaidi katika somo lako, kwa sababu ujuzi ulitoka kwa watu waliokuwa wakiishi na maji hayo.

Sasa nenda Uholanzi. Usiku wa kuamkia Februari 1, 1953, bahari ilivunja kingo na kuua watu 1,836 nchini humo. Zilifuata kazi kubwa za ujenzi, ambazo lango la kuzuia bahari la Maeslantkering, lililozinduliwa mwaka 1997, ni sehemu yake. Lakini mito ilipofurika mwaka 1995 na watu wapatao 250,000 wakahamishwa, Waholanzi walianza kuuliza kama kuinua kingo kila mara kunatosha. Katika Overdiepse Polder wakulima wenyewe walipendekeza ukingo ushushwe ili mto ukijaa upite mashambani, nao wakajengewa makazi na mazizi juu ya vilima vya udongo.

Angalia jambo hili kwa makini: Bangladesh walifungua tuta, Uholanzi wakashusha ukingo, na anayetazama picha tu atadhani ni suluhisho moja. Sivyo. Bangladesh walitaka tope. Uholanzi walitaka nafasi ya maji. Pemba haina mto mkubwa wa kubeba tope, kwa hiyo ukifungua tuta la bonde lenu utapata chumvi bila udongo. Kwenu ningetazama zaidi tuta lenye mlango unaotoa maji ya mvua na kuzuia ya bahari, pamoja na mikoko iliyo mbele yake. Kwa upande wa mikoko, safari ya Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya, itakufaa kuliko ya Ulaya: tangu mwaka 2013 wanakijiji wa huko, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za mikoko na kupata fedha zinazolipwa kwa kuwa mikoko hunasa hewa ya kaboni, nazo huenda kwenye maji na shule. Delta ya Rufiji ni jambo jingine kabisa, kwani huko tope lipo, na swali zito ni kiasi gani kitanaswa na Bwawa la Julius Nyerere lililo juu yake.

Utajiri basi unaingia wapi? Unaingia kwenye fidia na matunzo. Uholanzi ina mabaraza 21 ya maji, yanayochaguliwa na wananchi na kutoza kodi yake yenyewe, kwa hiyo ukingo una mwenyewe hata miaka isiyo na mafuriko. Bangladesh, katika baadhi ya mabonde yaliyofuata baada ya Bhaina, wenye mashamba walikataa maji kuingizwa kwa kuwa fidia ya miaka isiyo na mavuno haikuwafikia. Muulize babu yako tuta la bonde lenu lilikuwa likitengenezwa na nani, na kazi hiyo ilikoma lini.

SWALI: Nafundisha sekondari Kilwa. Wanafunzi wangu hawana nauli ya kwenda popote. Wajifunze vipi?
Mwalimu, Kilwa

JIBU: Mwalimu, simikeni nguzo yenye alama za sentimita mahali maji yanapofika, mwandike kimo cha bamvua kila mwezi mwandamo na kila mwezi mpevu, pamoja na upepo wa siku hiyo, maana majira ya kaskazi na ya kusi hubadili usawa wa bahari. Kisha linganisheni na vipimo vya bandari ya Zanzibar, ambavyo vimehifadhiwa tangu mwaka 1984 katika kituo cha kimataifa kilichopo Liverpool, Uingereza, na hupatikana bure kwenye intaneti. Tahadhari moja: mzunguko wa mwezi hukuza na kupunguza bamvua kwa kipindi cha karibu miaka 18.6, kwa hiyo daftari la miaka mitano haliwezi peke yake kuthibitisha kwamba bahari imepanda. Darasa moja limkabidhi jingine daftari hilo, na nguzo isihamishwe.