Kwa Rehema, kuhusu hao rafiki zako

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako umefika, mama yako ameusoma kwa sauti mpaka jirani wakasikia. Unauliza: hao rafiki zako watatu waliokuhamisha kutoka Dar mpaka Ilazo, wakapandisha kabati, wakakutafutia fundi umeme, wakakaa na mtoto usiku ule wa kwanza, uwape shilingi ngapi wasije wakasema hujui kushukuru. Elfu hamsini kila mmoja, au uwapikie pilau?

Wewe umepanda treni ya umeme, chini ya saa nne uko Dodoma, na watu wanakusubiri na kirikuu. Sisi mwaka 1983, Shirika la Reli liliponihamishia Tabora kutoka Tanga, tulipita hapohapo Dodoma gizani, dada yako analia mgongoni kwa mama yake, behewa limejaa magunia. Tukafika kota za reli na godoro, sufuria, jiko la mkaa na kikapu cha nazi alichotufungia bibi yako.

Habari ya sabuni mnaijua nyote, ila mnaisimulia vibaya. Mnaishia katikati.

Mwaka ule Waziri Mkuu Sokoine alikuwa anawasaka walanguzi. Sabuni ilitoka kwa kadi kwenye duka la kaya, na kadi yetu ya Tabora ilikuwa bado haijatoka. Nepi zimerundikana. Mama Kulwa wa mlango wa tatu, ambaye hatukuwa tunamjua hata jina, akaja jioni na nusu mche wa sabuni ameuficha ndani ya kanga, kwa sababu ukionekana na sabuni mkononi ulikuwa unaulizwa umeitoa wapi. Akauweka kwenye ndoo, akaziona zile nazi, akacheka: “Watu wa pwani, mmekuja kupanda minazi Unyamwezini?” Kesho yake akawa jikoni kwetu anamfundisha mama yako kuunga nsansa, ile mboga ya majani makavu, kwa karanga. Kuanzia hapo tukawa wenyeji.

Sasa huu ndio mwisho mnaouruka. Kadi ilipotoka, mama yako akanunua mche mzima, akasema anaupeleka. Nikamwambia asipeleke, deni la rafiki halilipwi likaisha. Akanijibu kwao Pangani mtu halali na kitu cha mwenzake. Akaupeleka. Mama Kulwa akaupokea vizuri tu, akashukuru. Usiku tukasikia hodi. Ameingia na ule mche na kisu, akaukata juu ya meza yangu. “Nusu yangu hii,” akasema. “Hiyo nyingine sikuuza.” Akatoka, na siku zile zote zilizofuata hakutia mguu kwetu. Wakipishana bombani ni salamu ya mdomo tu.

Ukimuuliza mama yako mpaka leo atakwambia, “Nilifanya sawa,” halafu atatoka nje kuangalia kuku.

Unajua walipatanaje? Siku moja nikamwona mama yako anachukua kikombe, anakwenda kwa Mama Kulwa kuazima chumvi. Na chumvi tulikuwa nayo, mimi mwenyewe nilikuwa nimeileta. Alikaa huko mpaka magharibi, akarudi anacheka peke yake. Sikumwuliza kitu.

Walipohamishiwa Kigoma, mimi ndiye niliyefunga kamba mizigo yao yote, na Baba Kulwa hakuthubutu kutaja hata soda. Barua zilikuja, zikapungua, zikakoma. Kulwa na Doto sasa ni watu wazima na sijui wako wapi. Hilo linaniuma kuliko habari ya sabuni.

Lakini tena najibishana mwenyewe. Wakati ule hakuna aliyekuwa na kitu, kwa hiyo kutoa ilikuwa rahisi. Wa kirikuu amenunua mafuta kwa pesa yake. Huyo umrudishie, tena leo, asikae anakumbuka. Na mama yako naye ana hoja yake. Upande wetu wa kushoto pale kota kulikuwa na mtu wa kuazima tu, harudishi, hata kijiko, na watoto wake walikuwa wanasemwa kwa ajili yake. Sitaki usemwe. Pamoja na hayo sijabadilika: deni la rafiki halilipwi likaisha. Elfu hamsini zako zitapokelewa kwa adabu, kama ule mche. Pika hilo pilau, na vyombo wakoshe wao.

Umesema pia kwamba mmoja wao amekuomba umkopeshe laki mbili. Nina maoni yangu. Mama yako ananikanyaga mguu hapa nisiandike, wewe ni mtu mzima, una nyumba yako, basi siandiki. Ila nijibu hili tu: alikuomba kabla hajapandisha lile kabati, au baada?

Mbusu mjukuu wangu.

Baba yako