Aria ya Rusalka kwenye usaili: Kicheki au Kijerumani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nasomea uimbaji Ujerumani, sauti yangu ni soprano. Nimepewa aria (wimbo wa mwimbaji mmoja) ya Rusalka, katika opera ya Dvořák yenye jina hilo, ile anayouimbia mwezi, niiandae kwa usaili. Nakala yangu ina maneno ya Kicheki, na chini yake ya Kijerumani. Mwenzangu anasema niimbe Kijerumani kwa kuwa wasaili ni Wajerumani, tena ile herufi ř inanishinda. Mpiga piano wangu naye analalamika kwamba maneno yangu "yanalemea nyuma". Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Imba Kicheki. Na kabla hujaendelea kuhangaika na ř, shughulikia lalamiko la mpiga piano, maana ndilo lenye uzito.

Mwenzako hakukosa sababu. Kwa miaka mingi opera za Kicheki zilitembea duniani kwa Kijerumani. Prodaná nevěsta ya Smetana ilipoonyeshwa Metropolitan, jumba la opera la New York, mwaka 1909, Mahler akiongoza okestra, iliimbwa Kijerumani. Jenůfa ya Janáček ilifika Vienna mwaka 1918 kwa tafsiri ya Kijerumani ya Max Brod, na New York mwaka 1924 ikaimbwa Kijerumani vilevile. Siku hizo mtazamaji asingefuata kisa kwa njia nyingine. Lakini mwaka 1983 kule Toronto walianza kuonyesha tafsiri juu ya jukwaa huku waimbaji wakiimba, na desturi hiyo ikaenea. Metropolitan walipoipandisha Rusalka jukwaani kwao kwa mara ya kwanza, mwaka 1993, waliiimba Kicheki. Leo ukiimba aria hii kwa Kijerumani, nahofia jopo litadhani umekwepa kazi.

Sasa hilo la kulemea nyuma. Kicheki huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya neno. Sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwenye maneno ya silabi mbili hutasikia tofauti: vidí, lidí na milý yote yanaanza na mkazo kwako na kwao. Mtego uko kwenye maneno ya silabi tatu, na aria yako imejaa hayo: Měsíčku, hlubokém, daleko, širokém, příbytky, nezhasni. Nina hakika unasema hluBOkém na daLEko kama vile ungesema maTUnda. Sema HLUbokém, DAleko.

Jambo la pili linashikana na hilo. Alama iliyo juu ya vokali, kama á au í, haionyeshi mkazo. Inaonyesha urefu. Katika širokém mkazo uko ši, urefu uko kém, na lazima vyote viwili visikike bila kimoja kuvuta kingine. Měsíčku ndilo neno gumu kuliko yote, na ndilo la kwanza kutoka kinywani mwako: mkazo uko kwenye mě, ilhali silabi ndefu ni ile inayofuata, palepale ambapo Kiswahili kinataka kukazia. Tamka Mnye-siich-ku, ukigusa mnye kwa nguvu na kuiacha sii irefuke bila kuisukuma. Angalia pia maneno "na nebi". Hiyo na ni fupi na kwetu neno kama hilo halina uzito, lakini kwa Wacheki kihusishi cha silabi moja kwa kawaida ndicho kinachobeba mkazo: NAnebi, kama neno moja.

Fanya mazoezi haya bila sauti ya kuimba. Piga makofi mapigo ya muziki wako, useme maneno juu yake mpaka mdomo uzoee, ndipo urudishe noti. Ukirudi kuimba mapema, hewa na sauti ya juu vitakusahaulisha kila kitu.

Mengine Kiswahili kimekusaidia. Vokali zetu tano safi ndizo zao, fupi na ndefu, nazo hazififii hata zisipokuwa na mkazo. Ongeza tu ou ya bloudíš. Ch yao ni kh ya kheri kama wasemavyo wazee wa Mombasa, kwa hiyo chvíli itakutoka bila shida. Katika opera nyingine utakutana na srdce, ambapo r inabeba silabi peke yake. M ya mtu hufanya kazi hiyohiyo kila siku. Jihadhari na nezhasni: z na h ni sauti mbili, na h yao hutamkwa koo likitetemeka. Silabi yake ya mwisho, ni, husikika nyi. Kde husikika gde, na v příbytky husikika f-příbytky.

Janáček utamkuta na mambo yake. Alizaliwa Hukvaldy mwaka 1854, eneo ambalo lahaja yake huweka mkazo pale tunapouweka sisi, na alizoea kuandika kwa noti jinsi watu walivyosema barabarani. Ukifika kwake, kila sentensi ichunguze upya.

Kuhusu ř: anza na r ya kukokota, kama katika rudi. Meno ya juu na ya chini yakaribiane, ulimi uinuke kidogo, upulize hewa huku ncha ikiendelea kutetemeka. Pigo moja au mawili yanatosha. Usitamke r kisha sh. Ni sauti moja. Baada ya p, kama katika příbytky, koo halitetemeki, na wengi huiona hiyo nyepesi, basi anzia hapo, kisha uende řekni. Siku ya usaili ikifika kabla haijakaa sawa, ipitishe kwa ufupi na usisimame kuitafuta. Mkazo ukiwa mahali pake, jopo litakuvumilia ř isiyokomaa.

Na mwombe Mcheki mmoja chuoni akusomee maneno yote polepole, umrekodi kwenye simu. Asome tu, asiimbe.