Muulize Somo: Mke wangu anaipigia kelele tivii kila Jumatatu

Shikamoo Somo. Mimi mwanaume wa miaka 43, naishi Reading huku Uingereza na mke wangu na watoto wawili, ndoa ina miaka 12. Mimi nina masta, mke wangu aliishia kidato cha nne na hilo sijawahi kulifanya tatizo. Kazi yake kulea wazee majumbani. Tatizo ni kipindi kimoja cha chemshabongo kinaitwa Only Connect, kipo BBC Two Jumatatu saa mbili usiku. Alikianzia kwa bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa anamhudumia, bibi akafariki mwaka jana, nikajua na kipindi ndo kimeisha, kumbe wapi. Anaruka kwenye kochi kama anaangalia mpira, kikiisha anaingia kwenye grupu la WhatsApp la watazamaji wanachambua mpaka saa nne, na humo kuna mzee mmoja wa Leicester wanajibizana sana. Juzi walikuja rafiki zangu wawili, nikatoa jibu, mke wangu akacheka akasema "hapo wamekutega", akataja la kwake na likawa ndilo. Nimemwambia apunguze sauti, nimempigia mama yake Tanga nikamshtaki, na Jumatatu iliyopita nilichomoa kebo nikasema tivii imekufa. Hakusema kitu, akaenda kulala saa mbili na nusu. Chakula anapika, watoto anawatunza, hapo sina neno. Ila naona nimedharauliwa. Nifanyeje?
– Mume Asiyeheshimiwa, Reading

Marahaba mwanangu. Pole. Hiyo pole uitunze vizuri maana nyingine sina.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya kwanza nilikuonea huruma, ya pili nikaanza kujikuna, ya tatu nikavua miwani nikacheka peke yangu mpaka mjukuu akauliza bibi una nini. We umeandika kuhusu tivii lakini mstari wa pili tu tayari ushanitajia masta. Nani alikuuliza? Mtu akisema "hilo sijawahi kulifanya tatizo" kabla hajaulizwa basi hilo ndo tatizo lenyewe limevaa kanzu.

Sasa mi sikurupuki, nilimpigia mtoto wa dada yangu yuko Milton Keynes nikamwambia hebu nioneshe hicho kipindi kinachovunja ndoa za watu. Akanitumia nikaangalia viwili, na wasomaji wangu ambao hamkijui niwape kidogo. Kimeanza 2008 BBC Four, 2014 wakakihamishia BBC Two. Timu mbili, watu watatu watatu. Unapewa dokezo moja moja mpaka manne, una sekunde 40, useme vinahusianaje. Ukipatia kwenye dokezo la kwanza pointi tano, la pili tatu, la tatu mbili, ukisubiri mpaka la nne unapata moja. Raundi ya pili ni mfuatano, unaoneshwa vitatu, we utaje cha nne. Mfano wangu mimi: alfajiri, adhuhuri, alasiri... umeshajua. Mshindi hapewi hata senti, anapewa kikombe anaenda nacho nyumbani. Maswali yanachaguliwa kwa picha za maandishi ya Misri ya kale, mwanzi pacha, simba, nyoka mwenye pembe, mara jicho. Huko nyuma zilikuwa herufi za Kigiriki, watazamaji wakanung'unika kwamba ni kujidai, basi wakaambiwa sawa tumewasikia, tunawaletea za Firauni. Hapo nikakipenda. Watu wanaojibu malalamiko hivo mi nawaelewa.

Na mwendeshaji wake ni mwanamke, Victoria Coren Mitchell, anatania kila mtu. Huyo mama ni bingwa wa karata, poka, kashinda mashindano makubwa ya Ulaya mara mbili, London 2006 na Sanremo 2014. Ana mume, mchekeshaji, na sijasikia popote kwamba mumewe kachomoa kebo.

Mimi Somo wenu, kwenye vipindi viwili, nilijibu swali moja. Moja! La viungo, mdalasini na wenzie. Nilisimama, nikapiga kigelegele, kanga ikanivuka, mjukuu akakimbia kutoka jikoni akidhani nimeumwa na nge. Kwa hiyo usiniambie mkeo anaruka kwenye kochi ni dharau. Yule binti wa Milton Keynes anasema ndo watazamaji wote walivyo, mtu anapata moja usiku mzima anatangaza dunia nzima, mwingine anasonya washiriki wamekwama kwenye kitu cha wazi, mwingine anasema mwaka huu yamekuwa magumu mno, swali la muziki likitokea wanalia kwa pamoja. Ni baraza lile lile, tofauti hakuna kahawa. We mpira unaangalia? Refa unamtukana? Refa anakusikia?

Sasa nikufundishe kitu maana una masta lakini hukijui. Raundi ya tatu wanaweka ukuta, maneno 16, una dakika mbili na nusu kuyagawa makundi manne ya manne manne. Utamu wake ni kwamba kuna neno linaingia makundi mawili. Nikutengenezee la kwetu. Kuna chui, duma, fisi, twiga. Kuna gongo, wanzuki, ulanzi. Kuna Yanga, Azam, Coastal. Alafu nimekuwekea Simba na tembo, ziende wapi? We mtu wa haraka unazitupa porini zote mbili, na ukizitupa porini umekwisha, maana Simba anatakiwa uwanjani, na tembo anatakiwa kwenye kibuyu. Tembo ni pombe ya mnazi, baba. Ndo pale mkeo aliposema "wamekutega". Hakukutukana. Alikuwa anakwambia kanuni ya mchezo, tena kwa furaha, kwa sababu alitaka na we uuone ule mtego.

Na yule mzee wa Leicester ndo tembo wako. Umemuona kwenye barua yako mwenyewe ukamtupa kwenye kundi la mahawara, kwa ushahidi gani? Umeandika "mzee". Umeandika wanajibizana, hujaandika wanaongea pembeni. Hujaandika simu inafichwa, hujaandika mke anatoka anajipulizia, na we kama ungekuwa nacho ungekiandika, mtu aliyeandika mpaka saa ya mkewe kwenda kulala hawezi kusahau hawara. Wanabishana kuhusu nyoka mwenye pembe hao. Mume mwenye akili angefurahi hawara wa mkewe awe swali.

Turudi kwenye mfuatano maana hapa sicheki. Kwanza ulimwambia apunguze sauti. Pili ukamshtaki kwa mama yake. Tatu ukachomoa kebo ukasema uongo. Cha nne nini? Mi kazi hii naifanya miaka, barua za namna yako ninazo kabati zima, na cha nne nakijua, wengine ni mkono, wengine ni "rudi kwenu". Usiniambie we si mtu wa hivo. Na yule wa kabati langu hakuwa mtu wa hivo mpaka siku ile. Simama hapo hapo kwenye tatu, rudi kinyumenyume.

Alafu kuna sentensi umeipita mbio kama mtu anapita mbele ya nyumba anayodaiwa. "Bibi akafariki mwaka jana, nikajua na kipindi ndo kimeisha." Ala! Mkeo alikuwa anaingia kwenye nyumba ya yule bibi kila jioni, anamuosha, anambadilisha, anamlisha, na kama ni Jumatatu wanakaa wawili mbele ya tivii, mmoja kazaliwa huko mwingine katoka Tanga, wanashindana. Pengine ndo mtu pekee katika nchi yote hiyo aliyemwambia mkeo "umepatia". Sisi huku tunawacheka mnabeba maboksi, hatujui kuna mtu anabeba mzee wa mtu mpaka siku ya mwisho alafu anarudi nyumbani anapika ugali na hakuna anayempa pole. We ulimpa? Mkeo msiba ule hakukaa tanga. Tanga lake ni Jumatatu saa mbili, nusu saa, na we ukaenda ukachomoa kebo. Ndo maana hakugomba. Mwanamke anayegomba bado anakuhesabu, anayekwenda kulala saa mbili na nusu bila neno huyo muogope.

Na hilo la elimu tulimalize. Huyo mtoto kakulia Tanga, bibi zetu kule walikuwa hawana tivii lakini jioni ilikuwa na kazi. Mnabangua korosho, mnachambua mchele, mtu anasema kitendawili, mnaitika tega. Nyumba yangu kubwa haina mlango. Ukishindwa unatoa mji, "nakupa Pangani", naye anaipokea Pangani anaitembelea, anasimulia alivyokaribishwa huko na kuku aliochinjiwa, mnacheka we, ndo anakwambia yai. Mtoto aliyelelewa hivo kuunganisha vitu ni mazoezi ya damu, hakuhitaji chuo. Hata cheti chako hicho kilikufundisha kujibu ulichosomeshwa, yeye kafundishwa kujibu asichosomeshwa. Sisemi elimu mbaya, wanangu wote nimewasomesha, nasema nyani haoni kundule.

Na nyie vijana wa ndoa za siku hizi, hapa nasema na wote sio huyu wa Reading peke yake, mna shida moja. Mnakaa chumba kimoja kila mtu na kioo chake, mume anacheka na simu, mke anacheka na simu, ukiuliza unacheka nini unaambiwa "hamna". Hamna! Watu miaka kumi na mbili wanapeana "hamna". Alafu akitokea mmoja anayecheka kwa sauti, sebuleni, kwenye tivii ya familia, watoto wanamuona, mnasema huyo kazidi. Mnataka mke anyamaze, akinyamaza mnasema kabadilika. Zamani wanaume walikuwa wakali lakini walikuwa wanajua mke wake anachekeshwa na nini, babu yenu alikuwa anajua kanga ipi ikivaliwa leo hapatakalika, maana aliisoma. Kanga si fumbo nalo? We jina lake mkeo unalo kwenye simu umeandika nini, "Mke"? Au "Mama Fulani"? Wengine mmeandika "Home". Mungu atusaidie.

Raundi ya mwisho ya hicho kipindi wanaondoa irabu zote, unabaki na konsonanti useme neno ni lipi, wa haraka ndo anapata. Kiingereza kinavumilia, kina mifupa mingi. Kiswahili ukikitoa irabu hakibaki mtu. BB, ni nani huyo, baba, bibi, babu au bubu? Nikaanza kumpima mjukuu, nikamwandikia MM, akasema mama. Mtoto ataona mama, sawa. Nadhani mkeo akiona MM mpaka leo anasoma mume. We barua yako nzima, nimehesabu, "mimi nina masta", "nikajua", "nikatoa jibu", "nimedharauliwa"... we ukiona MM unasoma mimi.

Haya, utafanya hivi. Kebo uirudishe leo, na useme uliichomoa mwenyewe, usije na hadithi ya fundi. Mkweo umpigie simu, umwambie mama nilikushtakia mtoto wako kwa wivu wangu, utaona haya, ndo dawa yenyewe inavyowasha. Rafiki zako wale wawili hata hawakumbuki lile swali, nakuhakikishia, kwenye gari wakati wa kurudi walisema shemeji ana akili.

Jumatatu watoto wewe uwalaze, saa mbili kasoro uwe umeshakaa, na chai mezani umeipika wewe. Usijifanye unajua. Ukishindwa mwambie "nakupa mji", umpe Reading, umpe Muheza, umpe hata London yote, uone atakavyokugeukia. Hapo hapo ndo utauona uso wa yule uliyemuoa miaka 12, yupo, hajahama.

Na kikiisha, kabla hajashika simu, muulize habari za yule bibi. Alikuwa anajibu maswali gani, alikuwa mkali, alipenda chai na maziwa au kavu. Kisha uniandikie tena. Sitaki insha, niandikie jina lake tu. Barua yako ina Reading, ina Leicester, ina Tanga, ina BBC, ina saa na dakika, jina la yule bibi halimo, na mi nadhani hulijui.